Moshi Mezani: Maoni ya Watu Kuhusu Kuzuia Sigara Katika Baa na Migahawa

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya watumishi wa afya wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na wagonjwa na familia zao. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza namna moshi wa sigara ya mtu mwingine unavyomdhuru asiyevuta. Ataweza pia kutaja sheria zinazohusika, kupima hoja za wanaounga mkono katazo na za wanaolipinga, na kuongoza mazungumzo ya kijiji bila kumdhalilisha mvutaji.

Mahali penyewe

Nyololo ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, kati ya Mafinga na Makambako. Barabara kuu iendayo Mbeya na mpaka wa Zambia hupita hapo, na hapo hapo huchepuka njia ya kwenda Igowole na mashamba ya chai. Mahali pa namna hii huishi kwa wasafiri. Malori hupumzika, abiria hushuka kula, na wakazi hukutana jioni katika baa, migahawa, vibanda vya nyama choma na vilabu vya ulanzi.

Baridi ya Nyanda za Juu Kusini ina sehemu yake katika jambo hili. Katika miji ya pwani watu huketi uani na upepo ukachukua moshi. Mufindi, hasa mwezi wa Juni na Julai, milango hufungwa mapema, madirisha hubanwa, na watu husogeleana ndani kulizunguka jiko la mkaa. Sigara mbili tatu zikiwashwa katika chumba cha aina hiyo, moshi wake haupati pa kutokea. Kwa sababu hiyo swali la sigara katika baa lina uzito zaidi katika nyanda za baridi kuliko linavyodhaniwa.

Mfano wa kufundishia

Uchukuliwe mfano wa kubuni ufuatao. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mjamzito wa miezi mitano, anafika kliniki ya wajawazito akilalamika kikohozi na kifua kubana nyakati za usiku. Havuti sigara, na mumewe pia havuti. Vipimo vya makohozi havionyeshi kifua kikuu. Muuguzi anapomwuliza kazi yake, anajibu kwamba ni mhudumu wa baa, kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku, siku sita kwa juma. Anapoulizwa kama wateja huvuta ndani, anacheka na kusema, “Hiyo si baa, dada?”

Jibu hilo fupi linaonyesha kiini cha somo zima. Moshi umezoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, kama vile vumbi kwa mfyatua matofali. Mgonjwa hakuutaja kwa sababu hakuuona kuwa jambo la kutajwa, na muuguzi asingeuliza, chanzo cha maradhi kingebaki kimefichika.

Moshi unavyodhuru asiyevuta

Moshi unaojaza chumba hutoka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ule anaoutoa mvutaji kinywani na puani. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni ule unaofuka kutoka ncha ya sigara inayowaka mkononi au kwenye kisahani cha majivu. Moshi huu wa pili haukupita katika kichungi wala katika pafu la mvutaji, na umetokana na moto hafifu usiounguza tumbaku barabara. Kwa uzito ule ule, una sumu nyingi kuliko ule anaouvuta mwenye sigara.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kaboni monoksaidi iliyomo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hivyo damu hupungukiwa uwezo wa kubeba hewa safi. Kemikali nyingine hukwaruza utando wa njia ya hewa, hufanya chembe sahani za damu zigandamane upesi, na hukaza mishipa. Mabadiliko ya mishipa na damu huanza ndani ya muda wa chini ya saa moja.

Mwaka 1981 daktari wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake wasiovuta walioolewa na wavutaji wakubwa walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko walioolewa na wasiovuta. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilieleza kuwa kuishi au kufanya kazi penye moshi wa sigara humwongezea asiyevuta hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Ripoti hiyo ilihitimisha kwamba hakuna kiwango cha moshi kilicho salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine.

Kwa mjamzito wa mfano wetu, hatari ni mbili. Yeye mwenyewe hupata madhara ya kifua na moyo, na mtoto aliye tumboni aweza kuzaliwa na uzito pungufu. Mtoto akiisha kuzaliwa, moshi humletea pumu, nimonia na maambukizi ya sikio.

Sheria inasemaje?

Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003. Sheria hiyo inazuia uvutaji katika maeneo mengi ya umma na inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, iliacha mlango wa kutenga sehemu maalumu za wavutaji. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao Ibara yake ya 8 inazitaka nchi ziwalinde watu dhidi ya moshi wa tumbaku katika sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri na maeneo ya umma. Tena, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi dhidi ya hatari za kazi, na baa ni mahali pa kazi kama kilivyo kiwanda.

Majirani wamepita njia zinazofanana. Sheria ya Kenya ilitungwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Nayo pia iliruhusu vyumba maalumu vya kuvutia. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inazuia kabisa uvutaji ndani ya maeneo ya umma na katika umbali wa mita 50 kutoka maeneo hayo. Kampuni ya sigara iliipinga mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikayatupa maombi hayo.

Suala la sehemu maalumu linastahili kufafanuliwa. Katika baa yenye ukumbi mmoja, kuitenga kona ya wavutaji hakubadili kitu, kwa kuwa moshi haujui mpaka wa meza. Hata feni na madirisha hupunguza harufu tu na kuziacha chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Tena mhudumu hana budi kuingia katika kona hiyo kupeleka vinywaji. Mteja anaweza kuchagua pa kuketi, lakini anayemhudumia hana uchaguzi huo.

Hoja zinazosikika

Maoni ya watu hayagawanyiki kwa urahisi kati ya wavutaji na wasiovuta. Hoja kuu ni nne, na kila moja inastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni ya uhuru: baa ni mahali pa starehe, na asiyependa moshi asiende. Hoja hii ina nguvu kwa mteja. Udhaifu wake huonekana mara tunapomtazama mfanyakazi. Mhudumu, mpishi wa chipsi, mchoma nyama na mlinzi hawakufuata starehe, bali riziki. Katika mji mdogo wenye ajira chache, kumwambia aache kazi ni kumtaka achague kati ya pafu lake na ugali wa watoto wake. Uhuru wa mvutaji haufutwi na katazo la ndani. Anaweza kutoka nje, akavuta, akarudi.

Hoja ya pili ni ya hasara. Mwenye baa huhofia kwamba wateja watahamia kwa jirani. Hofu hii ina msingi pale katazo linapotekelezwa katika nyumba moja na kuachwa katika nyingine. Likiwahusu wote, mambo hubadilika. Mapitio ya tafiti 97 kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kuwa tafiti zilizofanywa kwa utaratibu bora hazikukuta hasara katika biashara za migahawa na baa. Tafiti zilizodai hasara, kwa sehemu kubwa, ziligharamiwa na sekta ya tumbaku. Isitoshe, Utafiti wa Matumizi ya Tumbaku kwa Watu Wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba watumiaji wa tumbaku ni takriban 9 katika kila watu wazima 100. Mwenye baa anayewahofia wachache hao hana budi kuwafikiria pia wale wengi wasioingia kwake kwa sababu ya moshi.

Hoja ya tatu ni ya moshi mwingine. Wakazi huuliza, kwa haki, mbona sigara inasemwa ilhali mama anapika kwa kuni kila siku na baa yenyewe ina jiko la mkaa? Jibu si kukanusha. Moshi wa kuni hudhuru mapafu ya akina mama na watoto, na mkaa katika chumba kilichofungwa waweza kuua kwa kaboni monoksaidi. Lakini dhara moja halihalalishi jingine. Moshi wa jikoni unahitaji majiko bora, dohani na nishati safi, mambo yanayodai fedha na muda. Moshi wa sigara ndani ya baa unaweza kuondolewa leo bila gharama, kwa mtu kuvuka kizingiti tu.

Hoja ya nne ni ya utekelezaji. Wapo wanaounga mkono katazo lakini hawaamini kwamba litafuatwa. Wengine wanahofia kuwa litakuwa kisingizio cha kudai rushwa. Hofu hii isidharauliwe. Utafiti uliofanywa katika baa, migahawa na kumbi za Kampala baada ya sheria ya Uganda kuanza ulikuta kwamba wengi wa waliohojiwa waliiunga mkono, ilhali baadhi walihofia hasara na katika baadhi ya kumbi watu bado walivuta ndani. Kuikubali sheria hakutoshi kuitekeleza. Panahitajika matangazo yanayoonekana, kuondolewa kwa visahani vya majivu mezani, na mwenye nyumba aliye tayari kusema neno.

Maoni hubadilika baada ya kuonja

Mafunzo makubwa kuhusu maoni ya umma yametoka Ireland, nchi inayosifika kwa baa zake. Tarehe 29 Machi 2004 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuzuia kabisa uvutaji katika sehemu za kazi za ndani, baa zikiwemo. Wapinzani walitabiri uasi. Watafiti waliwahoji wavutaji wenyewe kabla ya sheria na tena baada yake. Kabla ya sheria, asilimia 13 tu ya wavutaji waliunga mkono katazo kamili katika baa. Baadaye waliounga mkono walifikia asilimia 46. Kwa migahawa, idadi ilipanda kutoka asilimia 45 hadi 77. Wavutaji walioshuhudia uvutaji ndani ya baa walishuka kutoka asilimia 98 hadi 5. Na wavutaji 83 katika kila 100 walisema sheria ilikuwa jambo jema au jema sana.

Ilihofiwa pia kwamba waliozuiwa baani wangehamishia moshi nyumbani kwa watoto. Hilo halikutokea. Nyumba zisizoruhusu sigara ndani ziliongezeka.

Katika jimbo la California, Marekani, ambako baa zilipigwa marufuku ya sigara Januari 1998, wateja wa baa walioikubali sheria walikuwa takriban asilimia 60 mwaka huo, na kufikia mwaka 2000 walikuwa asilimia 73. Mafunzo ya nchi hizi mbili yanafanana: watu huogopa kabla, na wengi huridhika baada ya kuona kwamba baa bado ni baa, nguo hazinuki, na macho hayawashi. Kura inayopigwa kabla ya kuonja hupima hofu, na ile inayopigwa baada ya mwaka mmoja hupima uzoefu.

Miili ya wafanyakazi nayo ilishuhudia. Wahudumu wa baa wasiovuta nchini Ireland walipopimwa kotinini, yaani mabaki ya nikotini mwilini, kiwango chao kilishuka kwa asilimia 80 baada ya sheria. Kwa wenzao wa Ireland ya Kaskazini, ambako sheria haikuwapo bado, kilishuka kwa asilimia 20 tu. Huko San Francisco, wahudumu wa baa 53 walichunguzwa kabla na baada ya katazo. Kati ya 39 waliokuwa na dalili za kifua mwanzoni, 23 hawakuwa nazo tena baada ya wiki chache.

Kupima maoni ya kijiji

Mtumishi wa afya anayetaka kujua wananchi wanafikiri nini hana budi kujihadhari na namna ya kuuliza. Swali “Je, wavutaji wafukuzwe baa?” huamsha ubishi, kwani linahukumu mtu. Swali “Je, mfanyakazi wa baa ana haki ya kuvuta hewa safi kazini kama mfanyakazi wa ofisi?” linagusa jambo lile lile na hupata majibu tofauti. Yafaa maswali ya aina zote mbili yaulizwe ili ijulikane watu wanakataa nini hasa.

Wahudumu waulizwe faraghani, mwajiri asiwepo. Wasiokwenda baa kabisa nao waulizwe, wakiwemo wanawake, wazee na wenye pumu, kwa maana wengine hawaendi kwa sababu ya moshi. Na vilabu vya ulanzi visisahauliwe kwa kutazama baa zenye taa peke yake.

Kama wengi wanataka mabadiliko, njia ipo. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, ikaipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikaombewa idhini ya halmashauri ya wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Njia nyepesi zaidi ni makubaliano ya wenye baa wote wa kituo kimoja kuanza siku moja, wakiweka benchi na paa dogo nje, mbali na mlango na dirisha, ili mvutaji asinyeshewe wala asione ametupwa.

Wajibu wa mtumishi wa afya

Kila mgonjwa mwenye kikohozi, pumu, shinikizo la damu au ujauzito aulizwe maswali mawili: “Je, unavuta?” na “Je, kuna anayevuta karibu nawe nyumbani au kazini?” Swali la pili ndilo linalosahaulika.

Mvutaji asikaripiwe. Nikotini hufunga akili na mwili, na wengi wameshajaribu kuacha mara kadhaa. Hatua tano zinatosha katika dakika chache: kuuliza, kushauri aache, kupima utayari wake, kumsaidia, na kupanga siku ya kurudi. Aelezwe kwamba ndani ya saa 12 kaboni monoksaidi hupungua hadi kiwango cha kawaida, na kwamba baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu hivi. Mwenye kifua kikuu apewe ushauri huu kwa mkazo, kwa kuwa uvutaji huongeza hatari ya kuugua, ya kurudiwa na ugonjwa, na ya kufa.

Yule mjamzito wa mfano wetu asiambiwe tu “acha kazi.” Ashauriwe kumwomba mwajiri ampe kazi ya jikoni au ya nje, kuketi karibu na mlango, na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto aliye nyumbani. Mtumishi wa afya aweza pia kumtembelea mwenye baa kwa staha. Mwenye baa ambaye hajawahi kuelezwa hawezi kulaumiwa kama aliyekaidi. Yote haya ni nafuu ya muda, maana dawa kamili ni chumba kisicho na moshi.

Mambo ya kukumbuka

Moshi wa sigara hauna kiwango salama, na kona ya wavutaji haimkingi anayewahudumia. Katazo la ndani linamhamisha mvutaji hatua chache, wala halimnyimi sigara. Maoni ya leo si ya kudumu: penye haki kwa wote na maelezo ya kutosha, hata wavutaji hubadilika. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Katika mji wenye baridi na milango iliyofungwa, kinga hiyo huanzia kizingitini.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo lako, ni kazi gani nyingine ambazo wafanyakazi wake huvuta moshi wa sigara bila hiari?
2. Ungemjibu vipi mwenye baa anayesema kwamba madirisha yake mawili yanatosha?
3. Kwa nini wavutaji wengi wa Ireland walibadili maoni baada ya sheria kuanza?
4. Andika maswali matatu ya kupima maoni ya kijiji chako yasiyomhukumu mvutaji wala kumtisha mfanyakazi.